Mtoto wa Shuga Glaida Hakui Vizuri: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mfugaji akiona mtoto wa shuga glaida ana tatizo, macho yake yote huwa kwa mtoto: amelegea, analia, hana manyoya. Mimi humtazama mama kwanza. Mnyama huyu mdogo anayeruka kwa kuelea hewani ni wa kundi moja na kangaruu, wale wanaozaa mtoto ambaye hajakamilika na kumkuzia mfukoni. Kwa zaidi ya miezi mitatu mtoto hupata kwa mama joto, maziwa na unyevu, na hata haja hawezi kwenda mpaka alambwe. Kwa hiyo dalili nyingi zilizo hapa chini huonekana kwa mtoto lakini chanzo chake ni chakula cha mama, utulivu wa mama, au dume unayemweka naye.

Kabla ya dalili yoyote, jua umri

Mimba huchukua siku 15 hadi 17. Mtoto huzaliwa na uzito wa gramu 0.2 hivi, mdogo kama punje ya mchele, akapanda mwenyewe kwenye manyoya ya tumbo la mama hadi ndani ya mfuko. Humo huishika chuchu, nayo huvimba kinywani mwake kiasi kwamba hawezi kuiachia. Hukaa amenaswa hivyo kwa takriban siku 40, kisha huweza kuiachia na kuishika tena. Mfukoni hutoka akiwa na siku 70 hivi. Macho hufumbuka wiki moja hadi mbili baada ya kutoka. Karibu na siku ya 110 tangu kuzaliwa huanza kutoka kiotani kumfuata mama kwenye chakula, na ziwa huliacha kabisa wiki ya 8 hadi ya 10 tangu atoke mfukoni, wengine hata ya 12.

Hapo ndipo watu hupotea. Vitabu vingi huhesabu umri tangu kuzaliwa, lakini wafugaji huhesabu tangu kutoka mfukoni, kwa sababu siku ya kuzaliwa hakuna aliyeiona. Mtu akikuambia mtoto wake ana "wiki nane", muulize nane za wapi. Za tangu kuzaliwa, huyo hajatoka hata mfukoni. Za tangu kutoka, anakaribia kuacha ziwa. Na kutoka kwenyewe si tukio la saa moja: leo utaona mkia, kesho mguu, kisha mwili wote uko nje lakini mdomo bado umeshika chuchu. Andika siku ile mwili wote ulipokuwa nje, na uhesabu kuanzia hapo.

Yafuatayo ni ya kawaida na hayahitaji dawa wala mkono wako: mkia au mguu kuchungulia mfukoni, mtoto kuburutwa akiwa ameshika chuchu siku mbili tatu za kwanza, kupanda mgongoni mwa mama, na kutoa mlio mkali mama anapomwacha kiotani kwenda kula.

Uvimbe wa mfukoni ulikuwepo, sasa haupo

Mfuko wa jike asiye na mtoto ni mpasuko mdogo katikati ya tumbo. Uvimbe wa mtoto huchukua wiki tatu au nne tangu kuzaliwa kuonekana wazi. Kwa kawaida huwa mmoja au miwili. Chuchu ni nne, lakini kulea wanne ni nadra. Ukiona "uvimbe" kwa siku chache tu kisha ukapotea, huenda haukuwa mtoto. Majike wanene hujaa mafuta sehemu hiyo na huwadanganya wengi.

Ikiwa uvimbe ulikuwa unakua wiki kwa wiki, kisha tumbo likawa bapa kabla ya siku 60, mtoto amekufa na mama amemla au amemtoa. Usitafute mabaki kizimbani ili uamini. Mara nyingi hayapo. Tafuta sababu. Ninaanza na dume mgeni au ugomvi wa kundi, halafu mabadiliko ya ghafla kama kuhamishwa kizimba, mbwa au paka anayezunguka hapo, au taa kuwashwa usiku kucha. Chakula hafifu hufuata. Sababu nyingine ni wewe mwenyewe kufungua mfuko kuchungulia. Kuvuta mtoto kidogo tu kunaweza kuchana chuchu, na mtoto aliye chini ya siku 40 akiachia hawezi kuishika tena. Papasa kwa nje kwa kidole kimoja, tena mara chache, ndani usiingie.

Kuna hali moja ya kumkimbiza jike kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo: mfuko unanuka vibaya, unatoa usaha au majimaji, ngozi imekuwa nyekundu, au haachi kujilamba hapo. Huo ni uambukizo wa mfuko, au ziwa lenyewe limevimba. Kama hakuna dalili hizo, mwache apumzike. Jike hurudi kwenye joto katika mzunguko wa siku 29 hivi, na akiwa na dume atashika mimba tena haraka. Chanzo kisipoondolewa, hasara hurudia.

Mtoto amekutwa nje ya mama, peke yake

Mtazame mdomo kabla ya kitu kingine. Kama ni tundu dogo la duara lililozibwa pembeni, ngozi ni nyekundu unayoweza kuona mishipa ndani yake, na masikio bado yamebana kichwani, huyo hajafika umri wa kuishi nje. Nimeona watu wakikesha na sirinji kwa mtoto wa namna hiyo; hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kushika nafasi ya chuchu aliyopoteza. Kama midomo inafunguka, masikio yamesimama na mstari mweusi wa mgongoni umeanza kuonekana, hali ni tofauti kabisa. Huyo amefikia au amekaribia umri wa kutoka, na nafasi yake ni nzuri ukiwahi.

Mpashe joto kwanza (nimeeleza namna hapo chini), kisha mrudishe kwa mama. Mrudishe mchana, wakati kundi limelala. Sugua viganja vyako kwa kitambaa cha kiota chao ili mtoto asinuke sabuni, mweke kiotani karibu na tumbo la mama, ondoka. Usijaribu kumsukuma mfukoni. Ukitazama kwa mbali na kuona mama anamlamba na kumfunika kwa mwili wake, umemaliza kazi. Rudi baada ya saa kadhaa uhakikishe tumbo limeshiba. Kwa mtoto ambaye bado hana manyoya, maziwa huonekana kupitia ngozi kama mstari mweupe tumboni.

Kwa nini alianguka? Kama ni mara moja na mama ni wa uzao wa kwanza, huenda aliruka kutoka kiotani mtoto akiwa bado ameshika chuchu, akaachia njiani. Viota vyenye mlango mpana na kina kifupi huongeza ajali hiyo. Angalia pia kitambaa: taulo na vitambaa vya kufuma vina vitanzi vinavyonasa kucha, na uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto mpaka kikavimba na kufa. Tumia flisi, kitambaa laini kisicho na vitanzi, iliyopindwa vizuri.

Akikutwa nje mara ya pili au ya tatu, au akiwa na alama za meno, hiyo ni kukataliwa. Mama hamkatai mtoto kwa ukatili. Hupima, kwa namna yake, kama anaweza kumaliza ulezi huu, na jibu likiwa hapana huokoa mwili wake. Jiulize anakula nini. Jike anayenyonyesha anahitaji protini zaidi ya siku za kawaida: wadudu, yai lililochemshwa, na mchanganyiko kamili wa chakula cha nekta. Anayepewa matunda matamu usiku kucha atakuwa mnene kwa nje na mwenye njaa kwa ndani. Jiulize nani yuko naye. Dume ambaye si baba anaweza kuua watoto, huyo atolewe. Baba wa watoto usimtoe kwa tahadhari isiyo na sababu, kwa maana yeye hukaa na watoto kuwapa joto mama anapotoka kula, na jike aliyeachwa peke yake hulazimika kuchagua kati ya kula na kuwafunika. Jiulize pia kama mtoto ni mgonjwa. Wakati mwingine mama hutupa mtoto mwenye kasoro ambayo wewe bado hujaiona, na ukimlea kwa mkono unaigundua wiki mbili baadaye.

Mtoto ni wa baridi na amelegea

Aliyetoka mfukoni karibuni hana uwezo wa kutunza joto lake. Kabla ya kuwaza ugonjwa, shika tumbo lake: likiwa baridi kuliko kidole chako, hiyo ndiyo hitilafu ya kwanza kurekebisha, na ya pili usiiguse mpaka hii iishe. Kosa kubwa ni kumpa maziwa mtoto wa baridi. Utumbo wake umesimama, maziwa hayasagiki, na kumeza kwenyewe ni kwa shida, kwa hiyo hupaliwa.

Mweke kwenye ngozi yako, ndani ya nguo, au kwenye kisanduku chenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu ili asogee akizidiwa. Asiye na manyoya anahitaji takriban nyuzi 32. Aliyeota manyoya, 28 hivi. Pima kwa kipimajoto mahali alipolala, kwani joto la chumba halikuambii lolote hapo. Hewa ikiwa kavu sana ngozi huchanika, basi weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kisanduku, mbali na mwili wake. Taa ya joto iliyo juu yake hukausha na kuunguza. Mimi siitumii kwa watoto.

Amepata joto na bado amelegea? Vuta ngozi ya mgongo taratibu na uiachie. Ikikawia kurudi, na mdomo ni mkavu, ana upungufu wa maji mwilini. Mnyama wa gramu chache huisha ndani ya siku moja, kwa hiyo usisubiri asubuhi. Daktari anaweza kumchoma maji chini ya ngozi, jambo ambalo wewe huwezi kulifidia kwa matone mdomoni akiwa amezidiwa.

Ana joto, ananyonya, lakini uzito hauongezeki

Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja au chini yake. Bila mizani unakisia. Mpime saa ileile kila siku, ndani ya kikombe chenye kitambaa ulichokwisha kukitoa uzito, haraka, kisha mrudishe. Takwimu za mtandaoni za "uzito wa wiki fulani" zinatofautiana mno, maana ukoo, idadi ya ndugu na siku ya kutoka mfukoni vyote hubadilisha namba. Cha kufuata ni mwelekeo wake mwenyewe. Siku moja bila kupanda, angalia. Siku mbili, chukua hatua. Kushuka, chukua hatua leo.

Wakiwa wawili na mmoja ananenepa huku mwingine amebaki, maziwa yapo ila hayafiki. Chunguza tumbo la mama: ziwa lililo gumu, la moto na jekundu halitoi maziwa, na mtoto aliyezoea chuchu hiyo atalala njaa. Wakipungua wote wawili kwa pamoja, tatizo ni chakula cha mama au afya yake. Mpime na mama pia. Jike anayepungua wakati ananyonyesha analipia maziwa kwa mifupa na misuli yake.

Mdogo unaweza kumwongezea maziwa huku akiendelea kuishi kiotani, na hili ni bora kuliko kumtoa moja kwa moja. Matone machache, mara kadhaa kwa siku, kisha arudi kwa mama.

Kuhara, tumbo kujaa, maziwa kutokea puani

Haya matatu karibu yote huwapata watoto wanaolelewa kwa mkono, na jambo la kwanza kuuliza ni maziwa gani. Ya ng'ombe hayafai. Yana laktosi nyingi, na wanyama wa mfuko huimudu vibaya. Matokeo ni kuhara, na sukari itokanayo nayo inaweza kuharibu lenzi ya jicho. Tafuta maziwa yaliyotengenezwa kwa wanyama wa mfuko, kama ya Wombaroo ya Australia, ambayo hutolewa kwa hatua za umri. Hatua hizo zina maana. Maziwa ya mama wa mfuko hubadilika kadiri mtoto anavyokua: ya mwanzo ni mepesi yenye sukari zaidi, ya mwisho yana mafuta mengi. Mtoto mdogo akipewa ya hatua ya juu, tumbo hulalamika.

Kama maziwa ni sahihi, angalia vipimo vya kuchanganya, usafi wa vyombo, na kama umebadilisha ghafla. Halafu angalia kama anakwenda haja. Mtoto aliye chini ya mama hulambwa; aliye mikononi mwako anahitaji kupanguswa sehemu za haja kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu kila baada ya kula. Tumbo lililojaa na kukaza kwa mtoto anayelelewa kwa mkono mara nyingi ni hili tu.

Maziwa yakitoka puani, umempa haraka au amelala chali. Mshike amesimama wima au kifudifudi kichwa kikiwa juu kidogo, tone moja midomoni, alambe mwenyewe. Walio wadogo kabisa hula kila saa mbili hivi, usiku na mchana. Ukisikia mlio wa kukoroma au wa "tik tik" kwenye pumzi baada ya kupaliwa, ni dalili ya homa ya mapafu. Daktari, tena mapema. Kuhara kwa majimaji au kwenye damu pia ni kwa daktari, kwa sababu bakteria na vijidudu vya utumbo havitofautishwi kwa macho.

Macho hayafumbuki, au yamefumbuka na weupe

Jicho moja kutangulia jingine kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Usilifungue kwa kidole. Kama kope zimegandana kwa ukoko, pangusa kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, mara chache kwa siku. Kope iliyovimba na kujaa ina usaha ndani na inahitaji daktari.

Vidoa vyeupe juu ya jicho lililofumbuka karibuni mara nyingi ni mafuta yaliyotuama, na mama wa mtoto huyo kwa kawaida ni mnene au analishwa vyakula vyenye mafuta mengi. Rekebisha sahani ya mama kwa ajili ya uzao ujao. Weupe ulio ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ni mtoto wa jicho. Unaweza kutokana na maziwa, lishe ya mama au urithi. Huyo anaweza kuishi vizuri kizimbani, lakini asizalishwe, na wazazi wake wasirudiwe kuunganishwa.

Anaburuta miguu ya nyuma

Mtoto aliyetoka mfukoni, hata kabla ya macho kufumbuka, hushika kwa nguvu. Akikosa mshiko kabisa, rudi kwenye sehemu ya hapo juu kuhusu baridi na upungufu wa maji. Lakini aliyekuwa anatambaa vizuri, kisha akaanza kuyumba au kuburuta miguu ya nyuma, ana upungufu wa kalsiamu mpaka ithibitike vinginevyo. Mama mwenyewe anaweza kuonyesha dalili hiyo kwanza, akitetemeka au kushindwa kupanda, kwa sababu maziwa hunyonya kalsiamu kutoka mifupani mwake. Wadudu wanaoliwa wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Chakula chote cha siku kinapaswa kukaribia kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Hii ni dharura. Mweke kwenye kisanduku kifupi asipande wala kuanguka, kwani mifupa laini huvunjika kirahisi, na daktari aamue kiasi cha kalsiamu. Usianze kumnyunyizia unga wake kwa kubahatisha.

Manyoya yamepungua

Kwa watoto, mabaka ya upara bila ukoko mara nyingi ni ya kulambwa kupita kiasi na mama mwenye wasiwasi. Yakiwa na ukoko au mtoto anajikuna, ni jambo la daktari. Na upara wa utosini kwa kijana wa kiume wa miezi kadhaa si ugonjwa. Ni tezi ya harufu inaanza kazi.

Muda wa kuacha ziwa umefika, hali hataki chakula

Wiki ya tatu au ya nne tangu kutoka mfukoni ataanza kulamba midomo ya mama na kuchezea sahani. Hapo hali kwa kushiba, anaonja. Kama wiki ya saba hajagusa chakula, tazama urefu wa sahani na mahali ilipo: mara nyingi iko juu mno au wakubwa wanamfukuza. Weka sahani ya pili chini, karibu na kiota, yenye chakula kilekile cha mama kilicholainishwa.

Anayenyonya bado wiki ya kumi huku uzito ukipanda, mwache. Mama akianza kumfukuza kwa kumng'ata, papasa mfuko wake, kwani huenda uzao mwingine umeshaingia na maziwa sasa ni ya wengine. Hapo huyu mkubwa anahitaji sahani yake na pengine kiota cha pili ndani ya kizimba hichohicho.

Kumtenga kabla ya wiki ya 8 tangu kutoka mfukoni ndicho chanzo cha wanyama wengi wanaokonda, kuogopa na kujing'ata mkia baadaye. Mimi huona wiki ya 10 kuwa salama zaidi, na ya 12 kama alikuwa mdogo kuliko nduguye. Aende na mwenzake, maana ni wanyama wa kundi. Lakini vijana wasiachwe na wazazi bila mpango: majike hupevuka kati ya miezi 8 na 12, madume karibu mwaka, na kabla ya hapo baba anaweza kuanza kumpiga mwanawe. Dume ahasiwe au atengwe mapema.

Akishahama na akaacha kula, mpe chakula kilekile alichokizoea kwa mama, na kitambaa cha kiota chake ambacho hakijafuliwa. Mpime kila jioni. Uzito ukishuka kwa siku mbili mfululizo na mama bado hajapata uzao mpya, mrudishe kwake kwa wiki mbili zaidi, kisha ujaribu tena.